Ligi ya Sketi za Mapazia

Jumatatu, 3 Machi 1975

Leo nimekuwa Mwenyekiti! Asubuhi nilikuwa muuza nguo tu hapa mtaa wa Kikuubo, tena muuza nguo asiye na nguo. Jioni hii nina ligi nzima ya mpira.

Ilikuwa hivi. Meja Fadhul aliingia dukani kumtafutia mkewe kitambaa. Akatazama rafu. Tupu. Tangu nigawiwe duka hili baada ya Wahindi kufukuzwa Uganda, mzigo hauji. Kilichobaki ni majora ya kitambaa cha mapazia, chekundu, chenye maua ya njano makubwa kama sahani. Hakuna anayekitaka. Meja akauliza duka lisilo na kitu lina kazi gani. Akasema wako watu wengi wanaotafuta duka. Aliyasema hayo polepole, akichezea ufunguo wa gari.

Ndipo mdomo wangu ukaanza kusema wenyewe. Kitambaa kile hakiuzwi, afande, ni cha sare. Sare za nini? Za Ligi ya Wanawake ya Mpira wa Kulipwa. Timu ngapi? Nne. Inaanza lini? Jumapili hii.

Kwa nini nilisema Jumapili? Si ningesema Desemba!

Meja alifurahi sana. Atakuja kufungua ligi mwenyewe. Akiikuta, duka litabaki langu. Asipoikuta, tutaongea. Hakusema tutaongea nini, nami sikuuliza.

Mke wangu Mwanawetu, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama najua maana ya ofsaidi. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya makarani, mimi ni uongozi.

Jumanne, 4 Machi

Soko la Nakawa, asubuhi na mapema. Nimempata nahodha. Anaitwa Nafuna, anauza viazi vitamu, ana mabega ya kubeba gunia na sauti ya kufika mji wa Jinja. Nilimwambia nchi inamhitaji uwanjani. Akasema nchi ije inunue viazi kwanza. Wenzake wakacheka vibaya. Nikafafanua kwamba hii ni ligi ya kulipwa. Akauliza inalipa nini. Hapo nikatamka neno moja: sabuni.

Sabuni haipatikani madukani. Watu wanafulia majani ya mpapai miezi sasa, na mimi nasimama hapo kuahidi mche mzima wa sabuni kwa kila mchezaji, kila mechi. Mara meza zote zikabaki bila wauzaji. Nafuna alijipa unahodha kabla sijampa.

Ikabaki kutafuta mpira wenyewe. Mpira wa ngozi mtaani kwetu ni mmoja tu, na mwenyewe ni Cleopas Oduor, karani Mkenya anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Huyu bwana hupanga kalamu mfukoni kama medali. Anadai kwao Kisumu alikuwa refa wa mechi kubwa kubwa. Akaniwekea masharti: yeye awe Katibu Mkuu, awe refa, na aitwe Bwana Katibu. Nikakubali. Moyoni nimeshamfukuza kazi.

Kwa haki niandike kwamba ndiye aliyeniletea timu ya pili. Binamu yake Adero ni mpiga taipu, anakaa Ntinda, na amekusanya wapiga taipu wenzake na manesi. Ni dada mpole, anaongea kwa adabu sana. Huyo hatanisumbua.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Cleopas alikuja kabla sijanywa chai, uso unang'aa. Akanikumbusha kwamba kaptura kwa wanawake ni marufuku. Suruali vilevile. Goti likionekana barabarani, mtu anapanda gari la polisi, na magoti ya wanawake ishirini na mbili mbele ya Meja yatanipandisha mimi. Nilimjibu nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Nikakaa kibarazani, nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kisha nikapata jibu. Sketi! Ndefu, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hakuna sheria inayokataza sketi ndefu.

Mwanawetu akauliza mtu atakimbiaje amejifunga pazia. Nikasema upepo utasaidia. Akauliza timu zitatofautiana vipi kama wote watavaa maua yaleyale. Nikasema ni alama ya umoja. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, halafu akachukua futi yake na kuanza kupima.

Akauliza pia habari za sabuni. Anauliza sana huyu mwanamke! Sabuni ni ya binamu yangu Mahmoud, mwenye stoo ya nyuma hapa Kikuubo. Ameahidi makatoni kwa heshima ya kukaa kiti cha jirani na Meja. Mambo yote yako mkononi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya kwanza, uwanja wa Nakawa.

Nafuna alipiga shuti, na sketi ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Mzee mmoja aliyekuwa anapita alilala chini kifudifudi. Tulimwinua, tukampa pole. Mwanawetu alikuwepo na sindano. Mimi nilikuwepo na ushauri.

Kisha likatokea jambo ambalo halijapata kutokea katika mpira. Adero, yule mpole, aliukanyaga mpira, akaufunika na sketi, akaanza kutembea. Mwendo wa bibi harusi. Wenzake wakamzunguka, nao wanatembea vilevile, maua matupu. Mpira uko kwa nani? Hakuna anayejua. Wachezaji wa Nafuna, timu ya Nakawa, wanakimbia huku na huku, wanatazama juu kama mpira umepaa. Adero akafika golini, akamwamkia golikipa, akapandisha pindo kidogo tu, na mpira ukabingirika ndani.

Nafuna aligeuka moto. Akasema atakagua sketi moja moja. Nikakataza, tusije tukafungwa jela sote. Cleopas akatoa hukumu kwamba sheria ya mpira inakataza mkono, haijasema lolote juu ya sketi. Goli! Nafuna akamnyang'anya filimbi, akaondoka nayo sokoni. Bwana Katibu amelazimika kununua viazi ili arudishiwe. Kwa kweli nimefurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Msikitini leo sikusikia hotuba hata kidogo. Nilikuwa nahesabu. Nilimwambia Meja timu nne, nami ninazo mbili. Nilikwenda kuwatafuta wanawake wengine Kikuubo. Wakasema wamesikia habari za mapazia, asante.

Lakini akili hii! Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni, jibu likaja. Vilemba! Mechi ya kwanza, Nakawa na Ntinda, fundo la kilemba likae mbele. Kisha wachezaji waende nyuma ya ukuta, wazungushe mafundo, warudi uwanjani fundo likiwa kisogoni. Hao sasa ni Kikuubo na Kololo. Timu nne kwa vilemba vilevile! Nani mwingine katika Uganda yote angeliwaza hili?

Nilimweleza Nafuna. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Akasema, "Mzee, mimi nacheza mara mbili, wewe nalipa mara mbili." Adero naye, kwa adabu sana, akasema anaunga mkono. Nikakubali. Sabuni si ya Mahmoud?

Jumamosi, 8 Machi

Mahmoud amekimbia!

Stoo imefungwa. Mkewe anasema amekwenda Masaka kwa mazishi ya mjomba. Huyo mjomba nilimwona juzi anakula sambusa. Ukweli niliupata kwa jirani: sabuni ya Mahmoud ni ya magendo, na alipofikiri vizuri akaona si busara kuipanga mbele ya macho ya Meja. Na hilo hakuliona tangu Jumatano? Watu wengine hawana mipango kabisa.

Nikawatangazia wachezaji kwamba mishahara italipwa baada ya. Nafuna akauliza baada ya nini. Nikasema baada ya hotuba. Akaniuliza hotuba ya nani. Nikaaga.

Shajara hii hakuna anayeisoma, kwa hiyo naandika. Naogopa. Kuna watu waliitwa kuongea, nyumba zao hadi leo zinawasubiri. Duka hili ndilo kitu pekee nilichowahi kuwa nacho kikubwa kuliko sanduku. Mwanawetu ameniona sili, akanisogezea samaki wake bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, yeye kukosa la kusema.

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe. Nakawa ilijaa. Watu juu ya kuta, watu juu ya mapipa. Meja Fadhul alikaa kiti cha mbele pamoja na mkewe, askari wake nyuma. Kiti cha Mahmoud nilikijaza kwa kofia yangu.

Sare zilipotoka watu walishangilia, na mtu mmoja akauliza kwa sauti nani ameachwa bila mapazia. Mechi ikaanza. Nafuna alifunga goli moja la kweli, kutoka mbali, mpira ulikwenda kama umetumwa dukani. Niliruka! Nilisahau duka, nilisahau Meja, niliruka tu. Wanawake hawa wanaweza mpira. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja.

Lakini baada ya goli hilo kila mtu akakumbuka ujanja wa Adero. Nakawa wakaanza kutembea mwendo wa bibi harusi kwenda upande huu. Ntinda wakaanza kutembea mwendo wa bibi harusi kwenda upande ule. Magolikipa wote wawili wanatetemeka. Cleopas anainama, anachungulia, anaona haya, anainuka. Walipofika magolini wote wakapandisha pindo, na hakuna aliyekuwa na mpira. Ulikuwa umetulia kando ya buti la Meja. Mkewe alicheka mpaka akashika bega la askari.

Mechi ya pili. Wakatoka nyuma ya ukuta, mafundo kisogoni. Meja akakunja uso. Akaniita. Akasema yule mwenye mabega amemwona sasa hivi katika Nakawa. Nikamwambia huyo ni pacha wake, afande. Na yule mrefu? Pacha. Na yule anayechechemea? Nikasema Kololo imejaliwa mapacha. Hakucheka. Ufunguo ukatoka mfukoni, akaanza kuuchezea.

Na hapohapo, wachezaji wote wakakaa chini. Katikati ya uwanja! Meja akauliza, "Hii nini sasa?" Nikasema ni mapumziko ya kitaalamu. Nafuna akainuka, akaja mpaka mbele yetu, akaeleza yote kwa ile sauti yake, na nadhani Jinja walisikia. Timu ni mbili tu. Mapacha hakuna. Waliambiwa watalipwa sabuni na sabuni hawajaiona. Wao hawakatai kucheza, hata kesho watacheza, ila kazi ni kazi.

Meja akanigeukia. Mdomo wangu, ambao siku zote husema wenyewe, ulikauka. Nililiona duka linaondoka, na mimi nyuma yake.

Ndipo Mwanawetu akasimama na kapu lake. Nilidhani lina nyuzi. Akalifunua: sabuni! Miche imepangana mpaka juu! Kumbe wake za askari wanaoshonewa gauni humlipa kwa sabuni, naye huiweka chini ya kitanda chetu. Nimelala juu ya utajiri wote huo na hakuniambia! Mke wa Meja akaitambua sabuni yake, akampungia mkono.

Mwanawetu akamwamkia Meja vizuri, akasema mshahara huu hapa, lakini kwanza anaomba kuwauliza wachezaji swali moja. Akawauliza wanamtaka nani awe Mwenyekiti wao. Wakataja jina lake kwa pamoja. Hata Cleopas! Nilimwona akinyoosha mkono, na yeye si mchezaji.

Mke wa Meja akamwambia mumewe kitu sikioni. Meja akaurudisha ufunguo mfukoni, akasema timu mbili zenye mshahara ni ligi, na wiki ijayo karatasi za duka ziandikwe jina la mama. Kisha akaamuru mpira uendelee, bila mapacha.

Mimi nilikaa juu ya kofia yangu. Mwanawetu alipopita na kapu tupu nilitaka kumshukuru. Machozi yalinilenga, naandika ukweli. Akaniambia nisilie hadharani, nikaokote kamba za uwanja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Kwa ujumla, ni ushindi wangu mkubwa.

Ligi ipo. Nani aliianzisha? Duka halijatoka nyumbani. Nimepewa cheo kipya, Mshauri wa Heshima, na Mwenyekiti ameniahidi kwamba kazi za cheo hicho ni kutoshauri. Cheo cha kupumzika namna hiyo hupewa watu wakubwa tu. Asubuhi nilifagia duka, mchana wanawake wawili waliulizia sketi za maua, na Mwanawetu akasema majora yaliyobaki yauzwe kwa bei nzuri. Si nilikitunza kitambaa hicho?

Jioni Meja Fadhul alipita. Hakuja kwa ubaya. Alisema wakubwa zake wamesikia habari za mechi na wamependa. Akauliza, kwa kupitisha muda tu, kama tuna wazo la kucheza siku moja na nchi za nje. Mwanawetu alikuwa nyuma, anapima kitambaa. Angeweza kujibu yeye. Lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango.

Nilimwambia timu ya taifa ya wanawake ya Zaire imeshakubali, inafika Jumapili.

Meja ameondoka kuwaarifu wakubwa. Mwanawetu bado hajui. Kesho alfajiri nitakwenda kwa Katembo, yule Mkongo muuza vitenge, nimuulize kama ana dada kumi na mmoja.