Kisigino Kilichonisaliti

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Masjala yetu inahamishiwa ghorofa ya nne. Lifti ilikufa zamani. Mimi na kitambi changu, ngazi tisini na sita kila asubuhi! Chini kinabaki chumba kimoja tu, chenye feni na dirisha. Bosi kasema atapewa mwenye sababu ya msingi. Bwana Tai, karani mwenzangu asiyevua tai hata akila, keshaandika barua ya kukiomba. Ati ana miaka ishirini kazini. Miaka ishirini ya kusinzia! Mimi nina sababu bora. Tangu mchana mguu wangu wa kushoto hauna nguvu.

Jumanne, 4 Machi
Nimechechemea siku nzima. Kazi ngumu kuliko masjala yenyewe. Bosi kanihurumia: chumba ni changu nikileta barua ya daktari wa neva kabla ya Ijumaa kuisha. Bwana Tai akadakia kwamba juzi aliniona nikikimbia mvua kama swala. Wivu huo!

Nyumbani mambo yameharibika kidogo. Mke wangu aliponiona nachechemea akaanza kulia. Baba yake alianza hivi hivi, kabla kiharusi hakijamlaza. Akanikanda mguu kwa maji ya moto, akinisihi nisimwache na watoto. Nilijisikia vibaya. Vibaya kweli. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikakumbuka ngazi. Nikaufunga.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya utafiti. Jirani yetu fundi viatu anasema mguu uliopooza hujiburuta, kwa hiyo kiatu chake hulika pale mbele, upande wa nje. Nimeazima tupa yake. Nikavipanga viatu mbele yangu nyuma ya nyumba, nikasugua soli ya kile cha kushoto nusu saa. Kazi safi! Daktari akiiona tu, barua ataandika mwenyewe.

Mke wangu kaomba ruhusa kazini ili anisindikize kliniki. Sikumwomba. Nimemwambia asijisumbue. Akasema ndoa ni kusumbuana.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari ni mama mfupi, sauti ya chini, mpole ajabu. Ningejua! Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kwanza kanivua viatu, akazitazama soli. Akauliza mbona kilicholika ni cha kulia, na mguu mgonjwa ni wa kushoto. Mungu wangu! Jana vile viatu vilikuwa vinanitazama. Kushoto kwangu ndiko kulia kwao. Nikajibu haraka kwamba wa kulia unafanya kazi ya miguu miwili, lazima uchakae. Akaandika kitu. Nikajipongeza.

Akaja na kinyundo cha mpira, akanigonga chini ya goti. Mguu wa kushoto ukaruka kwa furaha sawasawa na wa kulia. Msaliti! Akaushika unyayo, akataka nimsukume. Nikasukuma kidogo, kisha nikauachia ghafla, uso nimeukunja. Mke wangu kajifuta machozi.

Halafu nikalazwa chali. Daktari akaweka kiganja chini ya kisigino cha kushoto, akataka nikandamize kitanda. Sikukandamiza chochote, ila nilihema sana. Akasema basi, tuuache huo mgonjwa. Sasa ninyanyue huu mzima, wa kulia, naye auzuie kwa mkono wake mwingine. Rahisi! Nikanyanyua kwa nguvu zote, nimwonyeshe mwanamume. Akatabasamu. Kumbe ule wa kushoto, bila ruhusa yangu, ulikuwa umekibana kiganja chake kitandani!

Akamweleza mke wangu, si mimi, kwamba mtu akinyanyua mguu mmoja, ule mwingine hujikita chini wenyewe. Uliopooza haujikiti. Huu unaweza kubeba kabati. Kisha akanigeukia, akauliza kwa upole kama kuna jambo linanisumbua, maana kuna miili hugoma yenyewe bila mwenyewe kudanganya. Mdomo ukanitangulia. Nikasema: ngazi.

Mke wangu alilia tena, safari hii kwa furaha. Halafu akaelewa. Njia nzima alitembea mbele bila kugeuka, nami nikimfuata bila kuchechemea. Niliona aibu. Nikifa leo, iandikwe kwamba niliona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Barua imefika kwa bosi. Mke wangu kaipeleka kwa mkono wake. Inasema misuli ni mizima, na kwamba mgonjwa ashauriwe mazoezi, hasa kupanda ngazi. Hasa! Bosi ni mtu wa kufuata maagizo ya daktari. Nimepewa meza ya mwisho wa korido ghorofa ya nne, pamoja na kazi ya kupeleka mafaili chini kwa Bwana Tai mara tatu kwa siku. Nilipofika na la kwanza akanivutia kiti mbele ya feni, akasema mgonjwa apumzike kwanza. Nikakataa. Nikapanda. Nikajuta ghorofa ya pili.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kanisamehe, lakini kwanza kaniapisha mbele ya mama yake kwamba sitadanganya tena kuhusu mguu. Nimeapa kwa moyo wote. Mama mkwe kaniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi, na kweli ni mengi. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua kiungo chenye mwenzake. Mguu una pacha, na pacha ni mchongezi. Mgongo ninao mmoja. Kesho naamka nimeinama.