Sufuria ya Mama Juliet

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Mama Juliet,

Habari mbaya, mke wangu. Karamu ya majirani hapa kambini ni Jumamosi, ya kwanza tangu tukuzike. Afande Odyek amekuja mlangoni, akakohoa sana, kisha akasema kwamba kwa kuwa hupo, samaki wa limau mwaka huu atapika yeye. Sufuria yake itakaa katikati ya meza, pale ilipokaa yako miaka yote. Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliniuma.

Pale ni pako! Nikamjibu kwamba nitapika mimi. Akaniuliza kama najua kuwasha makaa ya sigiri. Nilicheka. Alipoondoka niliacha kucheka.

Jumanne, 9 Desemba

Mpango umepatikana. Bila limau hakuna samaki wa limau. Nitanunua malimau yote ya hapa Nsambya kabla Odyek hajanawa uso. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 10 Desemba

Ushindi! Nimekwenda sokoni alfajiri, nimevaa koti la mvua na kofia nisijulikane. Babra muuza matunda akanisalimu kwa jina. Nikamwonyesha gunia la matunda ya kijani, nikasema nalitaka lote. Akaanza kunieleza jambo. Nikamwambia sina muda.

Bodaboda amenishushia gunia mlangoni. Odyek alikuwa barazani kwake, akalitazama gunia. Ameisha huyo!

Alhamisi, 11 Desemba

Mazoezi. Nimeviringisha tunda mezani kwa kiganja, kama ulivyofanya wewe ukiimba ule mstari mmoja wa kwaya, mingine huijui. Nimelikamulia juu ya samaki, ngege mnono. Nimemtia kwenye ufuta uliosagwa. Nimeonja.

Samaki mtamu kama chai ya wageni!

Nikamwita Hajati Hajara, jirani wa ukuta mmoja. Akaonja. Akachukua tunda, akalikata, akatafuta kiti.

"Afande," akasema, "haya ni machungwa ya Teso. Yanaiva yakiwa kijani hivihivi. Miaka yote umeyala, hukuyaona?"

Nikajitetea kwamba nilikuwa nayaona yameshamenywa. Ni kweli, Mama Juliet, ulinimenyea yote.

Na malimau? Yalikuwa kwenye gunia la pili pale kwa Babra. Odyek ameyanunua mchana, tena bila haraka.

Ijumaa, 12 Desemba

Mpango mpya, mzuri kuliko wa kwanza. Nitawapumbaza kwa vitu vitamu. Hajati amenifundisha maganda ya machungwa: chemsha, mwaga maji, rudia mpaka uchungu utoke, ndipo utie sukari. Nimechemsha mara moja tu, kuokoa makaa. Yamekuwa kama kwinini. Nimerudia yote nikimlaumu Odyek.

Jioni yaling'aa. Mengine nimeyakatakata ndani ya mandazi. Nyumba imenukia kama ulipokuwa ukikausha maganda juu ya sigiri ili uyatie kwenye chai.

Samaki je? Hajati amesema nimwachie Mungu.

Jumamosi, 13 Desemba

Ushindi mkubwa! Nisikilize.

Asubuhi nimeteleka samaki kwa machungwa, kwa kuwa sina kingine. Hajati akaja kuazima chumvi, ana chupa chini ya shela. Nyuma yake Odyek, mifuko ya koti imevimba, akisema amekuja kukagua. Hapo nikapata ujanja. Nilimkaribisha jikoni, nikamwomba asiondoke, ili achelewe kupika kwake! Nami nikaenda kupiga pasi shati, polepole kabisa. Niliwasikia wakibishana kuhusu chumvi.

Niliporudi sufuria ilikuwa inanukia kama yako. Ileile, Mama Juliet. Ilibidi nishike mlango. Kumbe machungwa yakipewa muda hukomaa na kuwa makali! Kwenye ndoo ya taka kulikuwa na maganda ya malimau, sijui nani ameyatupa. Watu hawana adabu.

Odyek amefika kwenye karamu na wali mtupu. Ati samaki wake ameungua. Nilijua! Kisha akaibeba sufuria yako mwenyewe, akaiweka katikati. Olivia, mke wa askari aliyehamia kwetu juzi, akauliza imepikwa na nani. Nikafungua kinywa, Odyek akaniwahi.

"Hiyo ni ya Mama Juliet," akasema.

Watu wakasogeza sahani. Kisha wakala mpaka wakakwangua chini. Mandazi nayo yakaisha, Odyek akatia mawili mfukoni.

Jumapili, 14 Desemba

Nimewashinda wote kwa akili yangu peke yangu. Namsikitikia Odyek, hajui alivyopigwa. Mwakani nitanunua magunia mawili ya kijani, na Babra nitamkataza kunieleza chochote.

Sufuria nimeiosha, nimeirudisha juu ya kabati. Leo nimemenya chungwa mwenyewe. Nimejikata kidole, kidogo tu.

Unikumbuke.