Malalamiko ya Msu**** wa Makambako

Kristofa Masunga,
Duka la Vipuri, nyuma ya stendi,
Makambako.
Juni, 2004

Msimamizi,
Kituo cha Kompyuta Tuamke,
Mjimwema, Njombe.

Ndugu Msimamizi,

YAH: CHUJIO LAKO KUNINYIMA KABILA, KUMUUA MALKIA NA KUNIHARIBIA UCHUMBA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Njombe haijakuzidi nguvu. Huku Makambako upepo na vumbi ni vilevile, ila kwa hayo sikulaumu. Nimetumia kalamu kwa sababu kalamu haina chujio.

Huenda hujui kinachoendelea ndani ya mashine zako, hivyo niruhusu nieleze. Sisi vijana wachache, wengine hapo kwako na mimi huku kwenye intaneti ya Mama Zamda, tunacheza mchezo tunaouita Meza, ingawa meza yenyewe haipo. Odilo, fundi wako, ndiye msimulizi. Anaandika kwamba mko pangoni na joka linakuja. Kila mmoja anaandika mtu wake anafanya nini, kisha kompyuta inarusha kete. Ni mchezo wa watu wenye adabu. Mwezi uliopita ukaweka chujio la matusi, na kila herufi ya tusi sasa inageuka kinyota. Nia yako naisifu. Kasoro ni kwamba chujio hilo halisomi neno zima. Linatafuta herufi nne tu, zile ambazo zikikaa peke yazo mtoto aliyelelewa hazitamki, na likizikuta hata katikati ya neno la heshima linazifyeka. Chujio la chai linazuia majani na kuachia chai. Lako linafanya kinyume.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni Msukuma. Babu yangu alikuwa Msukuma na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo. Nilipomtambulisha mtu wangu mezani, niliandika: "Mimi ni Msukuma, shujaa asiyerudi nyuma." Wenzangu wakasoma: "Mimi ni Msu****, shujaa asiyerudi nyuma." Mchezaji mmoja, Tarsis, akaniuliza kwa huruma hilo ni kabila au ni ugonjwa. Ndugu Msimamizi, soko limefunguliwa, redio zimefunguliwa, vyama vimefunguliwa, na kabila kubwa kuliko yote nchini limefungwa Mjimwema.

2. Matusi yenyewe yanapita bila kupiga hodi. Huyo huyo Tarsis ameniita kichwa maji, na siku nyingine ng'ombe wa Shinyanga aliyekosa mkia. Yote yalinifikia safi, hata nukta haikupotea. Nilipomjibu kiungwana kwamba nataka kumaliza ugomvi, ikasomeka nataka ****liza ugomvi, na yeye ndiye akaenda kunishtaki kwa Odilo.

3. Sasa nafika penye kidonda. Mezani yupo Stella, binti wa hapo Mjimwema, ambaye mtu wake ni Malkia wa Kitulo, mlinzi wa maua. Nampenda Stella. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo utaona barua hii ni ya mtu mwenye muda mwingi. Malkia alibanwa pangoni, joka nyuma, mlango wa jiwe mbele. Akaniuliza afanye nini. Niliandika haraka: "Sukuma mlango!" Chujio lako likampelekea: "Su**** mlango!" Stella ni msichana wa akili, alihesabu vinyota akapata "Subiri mlango". Akasubiri. Joka halikusubiri.

4. Odilo alinishauri niwe naandika neno hilo kwa Kiingereza. Yaani nchi huru, lakini nisukume kwa Kiingereza! Mimi nauza vipuri, Ndugu Msimamizi. Siku nzima hapa ni malori ya mbao yaliyogoma kuwaka, na kazi ya mwanamume ni kusukuma. Ukiniondolea neno hilo sina habari ya kumweleza mchumba. Nilijaribu kumwandikia Stella nilivyoshinda, ikatoka vinyota vitupu, akauliza kama nimeanza kunywa.

5. Baada ya msiba wa Malkia, Stella akapungua kuja mezani. Ndipo nikasikia kwamba Fidelis, mwenye shamba la miti na ng'ombe wa maziwa, ametuma mshenga kwao. Wivu ukanipanda. Nikamwandikia Stella hapo hapo mezani kwamba kama ni Fidelis, basi aendelee naye tu. Tangu hapo hajajibu, na mimi sili nikashiba. Ningependa kuyafuta niliyosema, lakini nitamwandikiaje mtu maneno ya moyoni kwa mashine inayoamua yapi afikishiwe na yapi apewe nyota?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, chujio liondolewe kabla ya Jumapili. Pili, Malkia wa Kitulo afufuliwe, na joka litapike kila kitu pamoja na taji. Tatu, Wasukuma wote waandikiwe barua ya radhi, nami nipo tayari kuisambaza. Nne, ikishindikana, basi Kituo chako kigharamie kubadilisha jina la kabila letu. Tupo wengi, kwa hiyo muanze mapema.

Nisalimie Odilo, wasalimie wafanyakazi wote wa Kituo na mlinzi wa getini. Tarsis naye msalimie, kwa maneno ambayo chujio litayapitisha. Wazee wa Mjimwema wote nawasalimia kwa salamu yenu ya huko: kamwene.

Mimi, mlalamikaji wako mtiifu,
Kristofa Masunga.

N.B. Ndugu Msimamizi, nilikuwa nalamba bahasha Mama Zamda akaniita kwamba kuna ujumbe wangu. Ni wa Stella. Anasema: "Kaka Kristofa, uliniambia nisubiri, nami nimesubiri. Mshenga wa Fidelis baba amemrudisha. Sasa mbona kimya? Wazee wako wanakuja lini?"

Nilishika kichwa. Kumbe yale niliyomwandikia kwa wivu yalikuwa hivi: "Kama ni Fidelis, basi sukuma tu," kama tunavyosema sisi wa gereji, yaani nenda, usiangalie nyuma. Likamfikia "su**** tu", naye akahesabu vinyota kama siku ile ya joka.

Naomba malalamiko yote hapo juu uyachukulie kama hayakuandikwa. Chujio lisiguswe. Ukiweza liongezee nguvu. Joka nalo libaki na Malkia wake, limeshazoea. Nimemjibu Stella kwamba tunakuja Jumapili, na Mama Zamda akanisaidia kuchapa. Neno lililo chini ya vile vinyota nakusihi lizikwe huko huko kwenye mashine. Nitamwambia mwenyewe tukishazeeka, au nisimwambie.