Tarihi ya Kufunguliwa kwa Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Usalama, Washwood Heath, Birmingham

Njooni, enyi mnaopenda habari za mashujaa. Aliye jikoni na azime jiko, aliye garini na aegeshe kando, na kila mmoja avute kiti chake akae. Ila asikiweke mbele ya mlango, kwa sababu ambayo tarihi hii itaifunua kwa wakati wake. Maana yatasimuliwa humu mambo yaliyotukia mchana kweupe, mbele ya mashahidi wenye akili timamu, wakati mkono wa mwanamke mmoja uliponyooka dhidi ya chuma na chuma kikasalimu amri.

Waliohudhuria ni hawa:

Bwana Vinubhai, mwenyekiti, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Sutton Coldfield, muuza misumari mstaafu.
Bi. Inderpal, katibu, aliyelelewa Nakuru na kuhamia Kings Heath.
Bwana Mugambi, mjumbe.
Bi. Kwamboka, mjumbe, mfamasia.
Bwana Derrick, afisa wa baraza la mtaa, aliyekuja na hati ya kutiwa saini.
Bi. Kerubo, mama mkwe wa Bi. Kwamboka, si mjumbe, aliyeletwa katika kiti chake cha magurudumu kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye.
Mvua, ambayo haikualikwa.

Ijulikane kwanza chanzo cha vita. Baraza la mtaa lilikuwa limetoa hatifungani, yaani lilikopa kwa raia wake na kuwaapia kwamba litawarudishia mali yao pamoja na faida miaka itakapotimia. Na kwa mali hiyo likajenga, ubavuni mwa kituo cha wazima moto, Nyumba ya Usalama, mahali ambapo majirani wangejifunza kuzima moto na kufunga majeraha, na wazee wangekutana kila Alhamisi mahali penye joto. Lakini raia waliokopesha hawakuwa wajinga. Waliweka sharti kwamba mjenzi asifunguliwe kifungo cha mkataba wake mpaka kamati ya wananchi ione kwa macho yake kila kilichoahidiwa. Ndipo wakateuliwa hao wanne wa kwanza, walinzi wa lango, waliozungumza Kiswahili vikaoni kwa kuwa wote walilelewa nacho, na Kiingereza wakakiacha mlangoni pamoja na miavuli.

Wanne hao walikuwa wamekwisha kupitia jengo lote kwa ushujaa unaostahili kuimbwa. Walifungua mabomba, maji yakatoka. Walinyanyua mitungi ya kuzimia moto, wakaridhika na uzito wake. Bi. Kwamboka, Mpima Dozi, Asiyekubali Chupa Isiyo na Kibandiko, alikuwa amekagua kabati la dawa na kurudisha bandeji zilizopitwa na muda. Kitu kimoja tu kilisalia ambacho hakuna aliyekigusa, nacho ni mlango wa dharura ulioko nyuma. Katika kila kikao Bi. Inderpal aliandika kuuhusu neno “Umeonekana,” kisha wakasonga mbele.

Yafaa kueleza jinsi majemadari hao walivyoupita mlango huo bila kuugusa. Sababu ya kwanza ilikuwa kibao chekundu kilichosema kwamba mtu akisukuma, king'ora kitalia. Na watu waliolelewa vizuri hawapendi kupiga kelele katika nyumba isiyo yao. Sababu ya pili ilikuwa Mnara.

Bwana Mugambi alikuzwa Meru katika kundi la vijana wa kanisa, akafundishwa kwamba mtu atokaye mkutanoni bila kupanga viti amekula karamu akaacha sahani chafu. Kwa hiyo kila kikao kilipofungwa kwa sala, yeye hakuaga. Aliokota viti vya plastiki kimoja baada ya kingine, akavipandanisha miguu ndani ya miguu, kingo zikilingana kama safu ya askari, akavisimamisha kwenye ukuta pekee usio na dirisha wala hita. Ukuta huo ndio wenye mlango wa dharura. Na kwa kuwa aliufanya Mnara wake kwa uzuri usio na doa, wenzake walimshukuru kila mara, wala hakuna aliyejiuliza umesimama mbele ya nini.

Siku hiyo kikao kilipofunguliwa, wajumbe walichukua kila mmoja kiti chake kutoka juu ya Mnara, na Mnara haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Bwana Derrick, kijana mpole aliyezaliwa papa hapa Birmingham na kujifunza Kiswahili katika shule ya Jumapili, akaweka hati juu ya meza.

“Mwenyekiti, ma-anti, na anko,” alisema, “mkitia saini leo, mjenzi anaondoka leo, na Alhamisi hii wazee wanaingia.”

Bi. Kerubo aliposikia neno Alhamisi aliketi wima. Tangu majira ya baridi yaanze alikuwa akishinda jikoni mwa mwanawe, mbele yake jokofu, nyuma yake dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wanawake wenzake wa Washwood Heath walikuwa wamekwisha kugawana kazi za Alhamisi: huyu ataleta mandazi, yule ataongoza nyimbo, na yeye Bi. Kerubo atakosoa.

“Tieni saini,” alisema. “Jokofu na mimi hatuna jipya la kuambiana.”

Moyo wa Kwamboka uliruka kwa furaha, kwa maana ni yeye aliyekuwa amemwahidi mama mkwe wake Alhamisi hizo, wiki baada ya wiki, huku akimfunga vifungo vya sweta. Kalamu ilikuwa imekwisha kufika mkononi mwa mwenyekiti. Lakini Bi. Kerubo, akizungusha macho kuyatazama makao yake mapya, akauliza kama mtu aulizaye chumvi iko wapi:

“Mimi nimeingia kwa mlango wa mbele. Moto ukianzia hapo mbele, mtanitolea wapi?”

Wote wanne, kwa mkono mmoja na imani moja, wakanyoosha vidole. Walikuwa wakionyesha viti.

Bwana Mugambi aliurudisha mkono wake polepole na kuukalia.

“Nyuma ya viti upo mlango,” alisema Bi. Inderpal, akipekua kumbukumbu zake. “Umeonekana.”

“Na nani?” aliuliza Kwamboka.

Ndipo Vinubhai, Mzee wa Misumari, Mkongwe wa Kaunta Mbili, ya Kisumu na ya hapa, akainuka. Alikuwa mtu wa heshima na taratibu, na taratibu zilimwagiza atetee amani.

“Ndugu zangu,” alisema, “siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe katika mlango wa mbele. Kule Kisumu, na hata hapa, mgeni rasmi akikata utepe mmoja, jengo zima limefunguliwa. Hawezi kuzunguka na mkasi mpaka chooni. Ule mlango wa mbele ulifunguliwa kwa niaba ya milango yote.”

“Mzee wangu,” alijibu Kwamboka, naye akasimama, “mimi sitoi dawa ya mgonjwa mmoja kwa niaba ya wagonjwa wote. Mgeni rasmi alikula keki akaenda zake. Atakayekuwa humu Alhamisi moshi ukiingia ni huyu mama. Naomba ruhusa ya kikao niusukume mlango huu.”

“King'ora kitalia,” alisema Bwana Derrick. “Na wazima moto wako upande wa pili wa ukuta, anti. Watakuja.”

“Wakija watakuta watu waliovaa vizuri. Si aibu.”

“Ruhusa imetolewa,” alisema Vinubhai baada ya kuwaza kirefu, “lakini Mnara uondolewe kwa heshima.”

Hivyo ndivyo ulivyoanza mzingiro. Kwamboka alikunja mikono ya blauzi yake, akauendea Mnara kama amiri auendeaye mji wenye ngome, akashika kiti cha juu na kukivuta. Hakikutoka, maana Mugambi hupanga kwa ajili ya umilele.

“Si hivyo,” alisema Bwana Mugambi, akiwa na uchungu wa mjenzi aonaye mji wake ukibomolewa. “Unakiinua kwanza, halafu unakizungusha kidogo. Dada, usivikwaruze.”

“Wewe ndiwe uliyeuziba mlango, ndugu yangu. Njoo uuzibue.”

“Nilikuwa napanga.”

“Ungepanga moto nao uje kwa foleni,” alisema Bi. Kerubo.

Mugambi alivua koti, akaungana na adui wa Mnara wake, na wawili hao wakabeba, wakarudi, wakabeba tena, hata Bi. Inderpal akaacha kalamu na kujiunga nao, na Bwana Derrick pia, tai yake ikiwa begani. Kiti cha mwisho kilipoondoka, mlango ulionekana wote kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake: wa kijivu, wenye upau wa chuma kifuani, na kibao chekundu kikiwatazama wote bila huruma.

Kila mmoja akajiandaa kwa namna yake. Bi. Inderpal aliziba masikio kwa ncha za mtandio. Mugambi alijiweka nyuma ya safu mpya ya viti. Vinubhai alitoa kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka katika mfuko wa shati upande wa moyo, kama jemadari avuaye kofia kabla ya mapambano. Kwamboka alimtazama mama mkwe wake. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

Akasukuma. Mlango ukamdharau. Akasukuma tena kwa mikono yote miwili, na upau ukashuka nusu, ukatoa mlio wa mzee aamshwaye, ukarudi. Hapo Kwamboka akarudi nyuma, akavuta pumzi, akageuka ubavu, na kwa nyonga ile iliyomsaidia kufunga droo zote zilizokataa kufungwa kwa miaka yake yote ya duka la dawa, akaupiga upau. Chuma kilitii. Mlango ukafunguka hadi mwisho wake, na mvua ya Birmingham ikaingia ndani bila kutambulishwa.

Wote wakasubiri ghadhabu ya king'ora. Walisubiri kwa subira, na baada ya subira wakasubiri kwa mashaka.

“Kinalia?” aliuliza Vinubhai kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa mfukoni.

“Hakilii, Mzee,” alisema Bi. Inderpal.

“Sisikii kitu.”

“Hakuna cha kusikia, Mzee.”

Ila Kwamboka hakuwa akisikiliza king'ora. Alikuwa amesimama kizingitini akitazama chini. Alikisukuma kiti cha mama mkwe wake mpaka magurudumu ya mbele yakagusa kizingiti, akayafunga breki, ili naye aone. Chini ya mlango hapakuwa na njia. Palikuwa na ngazi moja nyembamba, kisha mporomoko wa kimo cha goti, kisha tope, na ndani ya tope glovu moja ya mjenzi, ikiwa imekunjua vidole.

Bwana Derrick alifunua mchoro wake haraka. “Hapa kuna mteremko wa saruji,” alisema. “Upo. Umechorwa vizuri kabisa.”

“Basi mnilaze juu ya huo mchoro,” alisema Bi. Kerubo, “mnivute.”

Kijana alikunja karatasi. Alikuwa na moyo mwema, na alisema kwa unyenyekevu wa kweli: “Anti, mkitia saini leo, nitamwomba mjenzi arudi. Ataona aibu, atarudi. Na bibi hatakosa Alhamisi. Msipotia saini, mlango wa mbele unabaki umefungwa kwa wazee mpaka kazi iishe, na saruji haikauki haraka kwa mvua hii.”

Hilo ndilo lilikuwa pigo lenyewe, na lilitua palipo laini. Kwamboka aliona jikoni, jokofu na ukuta wa jirani. Aliona sweta likifungwa vifungo asubuhi ya Alhamisi kwa safari isiyokuwapo. Alichuchumaa kando ya kiti cha magurudumu.

“Mama,” alisema, “nilikuahidi.”

“Uliniahidi kuingia, kutoka hukuniahidi,” alisema Bi. Kerubo. Aliitazama ile glovu kwa muda. “Mtu aliyesahau glovu yake kwenye tope bila kurudi kuichukua, atarudi kwa ajili ya magurudumu yangu akiwa amekwisha kufunguliwa? Tangu nije nchi hii nangoja mvua ikatike. Nitangoja na saruji ikauke. Wale wenzangu waambie waje nyumbani Alhamisi na mandazi yao. Jokofu lipate wageni.”

Kwamboka alisimama. Ikawa zamu ya Mzee wa Misumari. Alirudisha kifaa sikioni, akaifunika kalamu kifuniko chake mbele ya wote, akangoja hadi katibu akae na kuweka mkono tayari. Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yake, na mvua ilikuwa ikimlowesha kola, lakini hakusogea, kwa kuwa mambo ya kihistoria hutangazwa mahali yalipotokea.

“Iandikwe,” alisema, “kwamba leo mlango wa nyuma wa Nyumba ya Usalama umefunguliwa mara ya kwanza tangu dunia iwekwe, na kwamba umefunguliwa na Kwamboka, kwa nyonga, kwa niaba ya wote waliokopesha. Neno ‘Umeonekana’ lifutwe katika vikao vyote vilivyopita. Tulikuwa tumeona viti. King'ora kitafutiwe sauti. Bwana Mugambi ataendelea kupanga viti, kwa shukrani zetu, kwenye ukuta wa madirisha. Na hati hii, kijana wangu, rudi nayo kama ilivyokuja. Kamati haitatia saini leo, wala siku nyingine yoyote, mpaka Bi. Kerubo atoke kwa mlango huu, ndani ya kiti chake, pasipo mtu kumbeba, afike barabarani, ageuke, atuambie kama kazi imekwisha.”