Gesi ya Damas

Jumatano, 11 Juni
Leo nimeitoa gesi ya Damas nyumbani kwangu. Mtungi, jiko, mpira, vyote. Miaka mitatu tangu atuletee zawadi hiyo, shemeji yangu huyo anakula sifa jikoni kwangu bila hata kuwepo. Chai ikiwahi, mke wangu Eustadia anamshukuru kaka yake. Maharage yakiiva, Mungu ambariki Damas. Mimi nimekaa hapo hapo, sibarikiwi. Sasa basi. Fundi Raymundi wa Itetemia amechukua gesi, amenipa jiko la umeme la induksheni. Kioo cheusi, halina moto. Jumapili Damas anamleta mama mkwe kutoka Ipole kula chakula cha mchana. Waje waone nani mwenye nyumba.

Alhamisi, 12 Juni
Jiko halipiki. Nimeweka sufuria ya kwanza, likalia pii pii, likazima. Ya pili, hivyo hivyo. Raymundi kwenye simu akauliza kama sufuria zangu zinashika sumaku. Zote alumini, sumaku haishiki, na jiko lake linapasha chuma tu. Jiko gani hili linachagua vyombo? Eustadia akasema mama yake akiondoka na njaa, na yeye ataondoka naye. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ijumaa, 13 Juni
Nimevunja redio, nimetoa sumaku ya spika. Mpango: kutafuta sufuria ya kuazima. Jirani Leonia hakuwepo, jiko lake la uani liko wazi, nikaona nisimsumbue. Nikawa nagusisha sumaku sufuria moja moja, nanong'ona zishike. Leonia akanikuta. Nikamweleza habari za umeme na chuma. Hakuelewa. Kufika jioni mtaa mzima unajua kwamba Anton anaroga sufuria za watu. Balozi wa nyumba kumi amekuja kuniuliza, kwa upole, kama nina tatizo lolote. Watoto wa jirani wameacha kuniamkia.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepata! Juu ya kabati, beseni la bati lenye maua mekundu. Sumaku imeng'ang'ania. Maji yamechemka kabla sijamaliza kujisifu. Nimemwambia Eustadia kesho aende kanisani, arudi apumzike, mume atapika. Akakubali. Nampenda mke wangu, ndiyo maana nahangaika hivi.

Jumapili, 15 Juni
Ugali na kioo haviivi chungu kimoja. Nikisonga, beseni linazunguka na mwiko. Nikiliinua, jiko linazima. Nikalishusha jiko sakafuni, nikalibana beseni kwa miguu. Ugali ukaiva. Nikautenga ndani ya beseni lile lile, maua yaonekane. Mama mkwe akaketi, akaomba maji ya kunawa. Eustadia akaenda kabatini kuchukua beseni la kunawia wageni, lile mama mwenyewe alilompa siku ya harusi. Halipo. Mama akatazama mezani, akalitambua. Nikaeleza kwamba nililisugua kwa majivu, mara mbili. Hakuna aliyekula. Damas hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Saa tisa gari lake likaondoka, Eustadia kiti cha nyuma na mama yake, begi mapajani.

Jumanne, 17 Juni
Nyumba imekuwa kubwa. Siku mbili nakula karanga. Asubuhi Eustadia akapiga simu, akasema atarudi siku nitakayomwambia gesi iko jikoni, hana neno jingine. Kidogo nilie. Nikaenda mbio kwa Raymundi. Muungwana yule, akapokea jiko lake, akanirudishia vyote, akanifungia mtungi kwenye baiskeli. Nimeshapanda. Ndipo nikaiona nyuma ya mlango wake: mashine ya kufulia nguo, nyeupe, ina dirisha la duara. Eustadia anafua kwa mikono tangu tuoane, miaka kumi na tisa. Na Damas hajawahi kumletea mashine. Raymundi akasema tunaweza kubadilishana, hana shida na gesi. Nimeisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani, imekaa vizuri pale pale palipokuwa na mtungi. Nimempigia Eustadia, nikamwambia jikoni mambo tayari, njoo. Alifurahi mpaka sauti ikakatika. Kesho anapanda basi la asubuhi.