Marahaba Inayosubiri Hesabu ya Kumi

Mwalo wa Katonga,
Kigoma.

Kwa Mtaalamu wa Mazoezi ya Viungo,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kututunzia wazee.

Nalalamikia mazoezi mliyompa mkuu wangu wa kazi baada ya upasuaji wa tezi dume. Jina lake nalihifadhi kwa heshima. Ofisi yetu ya kupimia dagaa, hapa mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki, ina mzee mmoja tu. Alipotoka hospitali miwani yake ilibaki kwa binti yake, hivyo mimi karani wake ndiye niliyemsomea maelekezo yenu, mlango umefungwa: abane misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi kumi, alegeze; mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Anatii. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

1. Akibana, hapumui wala haitikii salamu. Namwamkia, ananitazama kama ukuta hadi kumi itimie. Mimi bado niko kwenye majaribio, na mkataba wangu anausaini yeye mwisho wa mwezi. Nimeshamwandikia barua mbili za kuomba radhi; sehemu ya kosa nimeiacha wazi ajaze mwenyewe.

2. Mama Marcelina, muuza dagaa, alimwamkia mara tatu asijibiwe. Akarudi na samaki, migebuka minne, ya kuomba msamaha. Mzee, asiyejua kosa, akaikataa. Mama akaenda zake akilia.

3. Alhamisi wachuuzi saba walikuja kusuluhisha. Walimwamkia kwa pamoja. Mzee alikuwa kwenye nne. Wakasubiri wima. Ilipotimia kumi akasema, "Marahaba." Moja tu, wakagawana. Tangu hapo baadhi yao wanapeleka mzigo mwalo mwingine, na mwalo usio na dagaa hauhitaji karani.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: mazoezi yafanyike kabla watu hawajaamka, au salamu zisitishwe Katonga kwa miezi mitatu, au mtuletee mtumishi wa kuitikia marahaba kwa niaba yake. Awe mtu mzima.

Wasalimieni wauguzi, mlinzi wa getini, na wagonjwa wote wanaobana saa hii.

Wenu mtiifu na mwenye hofu,
Wilfred Bukeyeneza,
Karani.

Nyongeza: Nilipokuwa natoa nakala ya maelekezo yenu niiambatishe kama ushahidi, karatasi iligeuka. Nyuma mmeandika: "Usizuie pumzi. Zungumza kama kawaida." Siku ile niliona aibu, nikaishia upande wa kwanza. Leo asubuhi Mzee kapiga chafya mara tatu, suruali ikabaki kavu. Kanishika bega, akasema, "Wilfred, kijana wangu, ulinisomea vizuri." Tafadhali mpigieni simu mumwambie apumue. Msinitaje.