Nilivyokwama Dirishani na Makalio ya Kochi

Jamani, leo nimekwama dirishani. Nusu ya juu ndani ya chumba cha mwali, nusu ya chini nje, mbele ya wapishi wote na wageni kutoka Kilwa Masoko. Naandika mwenyewe sasa hivi kabla video haijawafikia. Mkiona miguu miwili inapiga mateke hewani, msihangaike kuuliza ni ya nani. Ni yangu.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mwembamba. Si kwa kujinyima. Nakula! Ming'oko nakula, wali wa nazi nakula, ukoko nagombania na wanangu. Nimezaa mara mbili na mwili ukarudi pale pale, kama vile haukuwahi kwenda popote. Marehemu baba yangu alikuwa hivi hivi. Lakini watu wakiniona mimi, wanaona tatizo. "Tatu, unaumwa?" "Tatu, ulishapima?" "Tatu, huyo mume hakulishi?" Kuna jirani hapa Mitwero kila upepo ukivuma ananiambia nishike nguzo. (Huyo naye anajiona mchekeshaji.)

Bingwa wao wote ni shangazi yangu, Bi Somoe, dada yake baba. Ni mwanamke mwenye mwili, mwenye sauti na mwenye maoni. Sikukuu iliyopita alinishika kifundo cha mkono mbele ya ukoo mzima, akakizungushia vidole viwili, vidole vikakutana na nafasi ikabaki.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema, "huu ni mkono au mpini wa upawa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. (Nilipofika nyumbani sikucheka.)

Sasa leo ilikuwa harusi ya mdogo wangu Saumu, mtoto wa baba mdogo, kule Rutamba. Na kungwi wa Saumu ni nani? Bi Somoe. Nikasema, hapana. Safari hii hanipati.

Mimi ni fundi cherehani. Na ndani kuna kochi letu bovu ambalo mume wangu amekuwa akiahidi kulitengeneza tangu mtoto wa kwanza anatambaa. Nikalipasua. Nikatoa sponji, nikaichonga vizuri, nikaishonea kwenye kaptula ya kubana: huku kipande, huku kipande, na nyuma vipande viwili vya maana. Nikashona mara mbili mbili isije ikaniaibisha. Juu yake nikavaa sketi ya ndani, juu ya sketi dera la sare.

Nikasimama mbele ya kioo. Nikageuka. Mimi nikamaliza kugeuka, huko nyuma kukawa bado kunageuka.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akanitazama. Akatazama kochi. Akanitazama tena.

"Mama Nasri," akasema taratibu, "sisi sasa tutakaa wapi?"

 Nikapanda bodaboda.

Niwaambie ukweli, ile barabara ya Rutamba yenye mashimo sijawahi kuifurahia kama leo. Kila shimo lilikuwa la dereva peke yake. Mimi nilikuwa nadunda tu, raha mustarehe.

Kufika! Wanawake wakaniona. Vigelegele nusura viwe vyangu badala ya bibi harusi.

"Weee Tatu! Umenawiri!"

"Sasa hapo umekuwa mwanamke!"

"Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema, mwanamke awe na mwili!"

Mwanaidi, dada yake bibi harusi, akanizunguka kama anayekagua nyumba ya kupanga. "Dada, umekula nini? Niambie na mimi." Nikamwambia ni amani ya moyo tu. (Mungu anisamehe.)

Nikakaa mkekani na wenzangu tumenye vitunguu. Shida ya kwanza ikajitokeza hapo. Wenzangu wote wamekaa chini, mimi nimekaa juu. Ungedhani ni mwenyekiti wa kikao. Shida ya pili ikawa jua. Sponji na jua la saa sita si ndugu. Nilianza kutokota kule ndani kama kiazi kwenye nazi. Jasho linatiririka mpaka kwenye ndara, na kila anayepita ananisifu kwamba nang'aa.

Lakini cha ajabu ni hiki. Nilidhani nikinenepa watanyamaza. Hawakunyamaza. Walibadilisha wimbo tu. Mmoja akasema nimependeza, mwenzake akasema niangalie nisije nikazidi, wa tatu akasema labda ni mimba. Yaani mwili wangu ulikuwa bado uko mkekani unamenywa pamoja na vitunguu.

Bi Somoe alikuwa hajaniona. Alikuwa chumbani na mwali, mlango umefungwa kwa nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza baba mdogo awafungie na akae na ufunguo, maana kila mtoto na kila jirani alitaka kuchungulia. Basi wageni wakafika. Bwana harusi na watu wake wa Kilwa Masoko wakakaa chini ya turubai. Sheikh akafika. Ikabidi baba mdogo, yeye ndiye walii, aingie kumuuliza binti yake kama amekubali kuozwa.

Akatia ufunguo. Akazungusha. Tukasikia *ka!*

Akabaki ameshika nusu ya ufunguo. Nusu nyingine imebaki ndani ya kitasa.

"Vunja mlango," mtu akasema.

Baba mdogo akageuka kama ametukanwa. "Mninga huu! Uvunje mninga?"

Ikashauriwa Saumu aulizwe kupitia dirishani, ajibu, watu waendelee. Sheikh akasema kwake haina shida. Sauti ya Bi Somoe ikatoka ndani kama radi:

"Mwali wangu hajibu dirishani kama anayeita muuza samaki! Na baada ya hapo atatokaje? Mtamtoa kwa kamba?"

 Baba mdogo akakumbuka kwamba kile kitasa ni cha kubandika, skrubu zake zote ziko upande wa ndani. Kikifunguliwa kwa ndani, kazi imekwisha. Wakapitisha bisibisi dirishani. Saumu mikono yake yote ina hina mbichi, hawezi kushika kitu. Bi Somoe akaichukua yeye. Tukamsikia anahangaika, anahema, anasoma dua. Mwisho akasema, "Hiki kidude kimenikataa. Kila nikizungusha kinakaza."

Dirisha lenyewe lilikuwa la zamani, la nondo, na nondo moja ilishang'oka. Pale paliponyofoka mtu mnene hapiti. Mtu wa kawaida hapiti. Mtoto angepita, lakini mtoto hawezi skrubu.

Ndipo Mwanaidi akapaza sauti: "Tatu! Yule ni fundi, cherehani yake anaifungua mwenyewe! Na ni mwemba..."

Akaishia hapo. Wote wakanigeukia. Wakaniangalia usoni, wakashuka, wakasimama kwenye nyonga.

"Ah," mama mmoja akasema kwa masikitiko. "Tatu naye siku hizi ameshanenepa."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ningesema "ndiyo, pole zenu," nikaendelea na vitunguu. Lakini jamani, miaka yote hii mwili wangu haujawahi kuitwa na mtu kwa ajili ya jambo la maana. Leo ndiyo mara ya kwanza umeitwa, nao uko pale, umejificha chini ya kochi!

Na Bi Somoe huko ndani anasema: "Tatu anenepe wapi? Mleteni!"

Nikasimama. Nikasema, "Napita."

Wakanitazama kama mgonjwa anayesema anatembea mwenyewe. Wanawake wakafunga khanga kulizunguka dirisha ili wanaume wasinione. Nikapanda juu ya kinu. Mikono ikaingia. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia kwa ubavu, vizuri kabisa. Kifua, hicho hakijawahi kuwa kikwazo popote. Nikashuka mpaka kiunoni.

Halafu nikakwama.

Ndani nikakutana uso kwa uso na Bi Somoe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ingia."

"Naingia."

"Mbona huingii?"

Akanikamata mikono akavuta. Huko nje Mwanaidi akasukuma. Wapi! Miguu ikaacha kinu, nikawa naning'inia napiga mateke, na nikasikia mpishi mmoja anasema, "Ngoja nirekodi!" Mwanaidi akasukuma tena, halafu akasimama. Nikamsikia anabonyeza. Anabonyeza tena.

"Dada," akanong'ona kupitia kwenye nondo, "mbona laini hivi? Tena hapa kuna pembe."

"Toa," nikamnong'oneza.

"Nitoe nini?"

"Sponji."

"Nini?"

"SPONJI! TOA SPONJI!"

Mnajua namna watu wa harusi wanavyopiga kelele, halafu kuna ile sekunde moja wote wananyamaza kwa pamoja? Ilikuwa hiyo.

"Sponji gani?" akauliza Bi Somoe.

 Nilikuwa natazama kitanda cha mwali, natamani kifunguke kinimeze mzima mzima. Mwanaidi akaingiza mkono chini ya dera, akashika, akavuta. Haitoki! (Nilishona mara mbili mbili. Fundi mzuri ni mimi.) Akaita mwenzake. Wakavuta wote wawili. Uzi ukalia *trrrrr*, na kipande kikubwa cha nyuma kikafyatuka, kikaruka juu ya khanga, kikaenda kutua chini ya turubai.

Kwenye mapaja ya babu yake bwana harusi.

Nikamsikia mzee wa watu, kwa adabu zote: "Jamani, mto wa nani huu?"

Bado kilikuwa na kitambaa cha kochi. Cha maua.

Vipande vilivyobaki vikatoka kimoja kimoja, navyo sikufuatilia vilikwenda wapi. Cha mwisho kilipotoka niliteleza kama samaki mkunga aliyemwagiwa maji, nikapita ule mwanya bila kugusa nondo ya kushoto wala ya kulia, nikamwangukia Bi Somoe. Tukaanguka wote kitandani. Saumu alikuwa amekaa pembeni ameinua mikono yake ya hina, anacheka mpaka wanja umeanza kushuka.

Nikainuka. Dera limenipwaya, linaning'inia kama turubai siku isiyo na upepo. Bi Somoe akanitazama juu mpaka chini.

"Nani alikwambia ubebe godoro?"

"Wewe, shangazi."

  Nikaona nimalizie kabisa, kwa sababu mtu aliyekwishapoteza makalio mbele ya wakwe hana tena cha kuogopa.

"Mimi nakula, shangazi. Nalala. Siumwi. Mwili huu ni wa baba, na mimi naupenda. Usinipime tena mkono mbele za watu."

Saumu akaacha kucheka. Bi Somoe akashika ukingo wa kitanda, akatazama sakafu.

"Baba yako alikuwa hivi hivi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mimi nilikuwa sijui kama ana sauti ndogo. "Alipoanza kukonda kwa maradhi tukasema ni umbile lake. Tukasema huyu ndivyo alivyo. Tulipokuja kushtuka, alikuwa ameshakwisha. Kwa hiyo mimi nikikuona..."

 Mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo hata siku moja. Nikakaa karibu yake kidogo.

"Basi niulize kama mzima," nikamwambia. "Mimi na wewe tu. Nitakujibu kweli."

"Mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Haya. Ukitoka hapo ukale." (Hawezi kuacha. Nimekubali.)

Nikachukua bisibisi. Kumbe alikuwa kweli anakaza. Nikalegeza skrubu moja baada ya nyingine, kitasa kikanijia mkononi chote pamoja na ile nusu ya ufunguo, nikauvuta mlango wa mninga, ukafunguka bila mkwaruzo. Baba mdogo aliupapasa kwanza mlango, ndipo akaingia kumuuliza binti yake. Saumu akajibu kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. Ndoa ikafungwa.

Nikatoka nje.

Hapo nilitaka kukimbilia nyuma ya jiko. Lakini Bi Somoe akanishika mkono (kiganja, si kifundo) akanitoa mpaka uwanjani, akapaza ile sauti yake nyingine: "Huyu ndiye aliyetuozeshea! Mtoto wa kaka yangu huyu!" Vigelegele vikapigwa. Safari hii vilikuwa vyangu kweli. Nikacheza ngoma na dera langu linalopepea, mwepesi, mikono yangu yote miwili juu watu waione. Wapo waliocheka. Wacheke. Nilicheza mpaka wapigaji ngoma wakaomba maji.

Babu wa bwana harusi alinisubiri wakati wa kuondoka. Alikuwa ameukunja ule "mto" vizuri, ameufuta vumbi. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Umenisaidia sana, binti yangu," akasema. "Vile viti vya plastiki vinaumiza."

Nikamwambia abaki nao.

Nimefika nyumbani, mume wangu kakaa kwenye ndoo. Hakuuliza kitu. Nadhani video imeshamfikia.

Nawaombeni msinicheke. Na wewe unayecheka, kabla hujaendelea, kahakikishe kitasa chako ni kizima.